LULU ZA MTUMBA: NUNUA RANGI, AKIBA PELEKA KWINGINE

Na Mwandishi Wetu, Vigwaza

MWENYE Sh. 60,000 mkononi hana nafasi katika soko la dhahabu. Mwaka 2025 bei ya dhahabu duniani ilivuka Dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja, yaani zaidi ya Dola 128 kwa gramu. Kwa fedha zetu hiyo ni zaidi ya Sh. 300,000 kwa gramu moja ya dhahabu safi, kabla sonara hajaweka ujira wake. Ni dhahiri kwamba mnunuzi wa kipato kidogo, ambaye zamani aliweza kununua kipete au kipuli baada ya mavuno, sasa anatafuta kitu kingine.

Kitu kimoja kinachostahili kuangaliwa ni lulu za mtumba, hasa zile zisizo nyeupe: za kijivu, za zambarau hafifu, za rangi ya machungwa iliyofifia, za shaba na za kijani iliyoiva. Maoni ya safu hii ni mawili. Kwanza, kwa mwenye fedha kidogo, lulu ya rangi isiyo ya kawaida ni ununuzi mzuri kuliko lulu nyeupe. Pili, huo ni ununuzi wa kuvaa na kukusanya; si mahali pa kuweka akiba ya familia. Anayechanganya mambo haya mawili ataumia, na wapo wauzaji wanaopata riziki yao kwa kuyachanganya.

Kwa nini Vigwaza

Msomaji anaweza kuuliza lulu zinahusiana nini na Vigwaza, kata isiyo na ufukwe, iliyo kati ya Mlandizi na Chalinze. Jibu ni barabara. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ndiyo njia ya mitumba kuelekea bara, na Vigwaza ni mahali magari yanaposimama. Malori hupita mizani hapa, na barabara ya kwenda bandari kavu ya Kwala huanzia hapa. Panaposimama magari pana biashara, na biashara ya kando ya barabara ni ya haraka: bidhaa huangaliwa dakika mbili, bei hutajwa, fedha hutolewa, gari huondoka.

Mapambo ya mtumba huja na mabelo ya mikoba, mikanda na viatu, au huja peke yake kwa kilo. Belo likifunguliwa, mikufu na hereni hutoka zikiwa zimefungamana kama nyavu. Muuzaji huzitenganisha kwa ukubwa na kwa mng'aro, kisha huzipanga kwenye sinia. Kioo, plastiki na lulu hulala pamoja kwa bei moja. Hapo ndipo penye nafasi kwa mnunuzi mwenye macho, na hapo hapo ndipo penye shimo kwa asiye nayo.

Lulu hizo zinatoka wapi? Nyingi ni za kufugwa. Tangu Mjapani Mikimoto Kokichi alipofanikiwa kupata nusu lulu kutoka kwa chaza aliowafuga mwaka 1893, na lulu za duara za kufugwa zilipoenea sokoni miaka ya 1920, mkufu wa lulu uliacha kuwa mali ya wafalme peke yao. Baadaye Wajapani wa Ziwa Biwa walifuga kome wa maji baridi, ambao walitoa lulu ndogo zilizopinda zenye rangi za kila namna. China ilifuata kwa wingi mkubwa zaidi, na mji wa Zhuji ukawa soko kuu la lulu za maji baridi. Mikufu hiyo ilivaliwa sana Ulaya na Marekani. Mwenye nacho akifariki au akichoka nacho, wanaobaki hukitoa pamoja na nguo za kabatini, na safari ya belo huanza.

Kwa nini rangi

Wapo wanaosema lulu ya kweli ni nyeupe, na kwamba nyingine ni urembo wa watoto. Kwa mnunuzi wa sinia la mtumba ushauri huo ni hatari. Lulu nyeupe ya duara ndiyo iliyoigizwa kuliko zote. Wafaransa walikuwa wakitengeneza shanga za kioo zenye rangi ya magamba ya samaki tangu karne ya 17, na kiwanda cha Majorica cha Hispania kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1890. Ukikuta mkufu mweupe wenye punje zinazolingana kama risasi, uwezekano mkubwa ni kwamba unatazama kioo au plastiki.

Mambo ni tofauti kwa punje ndogo ya zambarau hafifu, iliyopinda kama mbegu ya mpapai. Viwanda vya kuiga vimependelea zaidi punje za duara zinazolingana. Kasoro ya umbo na upole wa rangi, ambavyo humfanya mnunuzi wa kawaida aipite, ndivyo vinavyoelekea kuonyesha kwamba imetoka kwa mnyama. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wazee. Lakini katika sinia la mtumba vyote viwili vinatembezwa pamoja, na mara nyingine kizuri ndicho kinachobaki chini.

Sababu ya pili ni ya soko. Mteja wa harusi anaulizia nyeupe. Muuzaji hujua hivyo, na mkufu wa rangi ukikaa sana hushusha bei ili upishe mali nyingine. Kwa hiyo yule asiyebanwa na rangi ya gauni la harusi ana nguvu ya kujadiliana.

Rangi ya chaza na rangi ya dukani

Hata hivyo, si kila rangi ni kazi ya bahari au ziwa. Ni lazima mnunuzi azijue rangi kwa makundi.

Kundi la kwanza ni rangi za asili za kome wa maji baridi: nyeupe, zambarau hafifu, waridi na machungwa iliyofifia. Hizi ni za kawaida kwa uzalishaji lakini hazitafutwi sana kwetu, na ndizo zinazofaa zaidi kwa mfuko mdogo.

Kundi la pili ni rangi za chaza wa baharini. Chaza mwenye ukingo mweusi, ambaye wataalamu humwita Pinctada margaritifera, hutoa kijivu, kijani na nyeusi yenye rangi nyingine ndani yake. Chaza mkubwa wa Australia, Indonesia na Ufilipino, Pinctada maxima, hutoa rangi ya fedha na ya dhahabu. Lulu hizi huwa kubwa na ghali. Kuzikuta kwenye belo si jambo la kutegemea, na anayekuambia anazo kumi kwenye sinia anapaswa kukutia shaka.

Kundi la tatu ni lulu halisi zilizobadilishwa rangi. Nyeusi iliyokolea mno inaweza kuwa imepatikana kwa chumvi ya fedha. Kijivu na buluu nzito inaweza kuwa imepatikana kwa mionzi. Chokoleti, feruzi, nyekundu kali na kijani ya majani mabichi mara nyingi ni rangi ya dukani. Lulu hizi si haramu wala si mbaya kuvaa. Kosa linaanza pale zinapouzwa kwa bei ya kundi la pili.

Kundi la nne ni shanga za kioo na plastiki. Nazo zina bei yake, ila bei hiyo ni ya shanga.

Upimaji

Mizani ya Vigwaza haimwulizi dereva ana haraka kiasi gani. Gari linapanda, uzito unasomwa, na maneno ya dereva hayabadilishi tarakimu. Mnunuzi wa lulu naye aweke mizani yake, na ifuate mpangilio mmoja kila siku.

Kwanza, mwanga. Toka kwenye kivuli cha turubai, kwa sababu turubai la buluu hubadilisha kila rangi iliyo chini yake. Lulu halisi inapogeuzwa juani huonyesha rangi ya pili inayotembea juu ya ile ya kwanza. Rangi ya plastiki husimama mahali pamoja.

Pili, uzito na baridi. Plastiki ni nyepesi na hupata joto la mkono upesi. Kipimo hiki kinaondoa plastiki, hakiondoi kioo.

Tatu, msuguano. Sugua punje mbili taratibu, moja juu ya nyingine. Lulu hukwaruza kidogo kama mchanga laini sana. Kioo na plastiki huteleza. Wengine hutumia jino, lakini kwa mali iliyopita mikono mingi punje mbili zinatosha. Jambo la kukumbuka ni kwamba kipimo hiki husema kama ni lulu. Hakisemi kama rangi ni yake.

Nne, tundu. Hiki ndicho kipimo chenye thamani kuliko vyote, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 uangalie pale uzi unapopita. Shanga ya kuigiza huonyesha rangi iliyobanduka kama chokaa ya ukuta, na chini yake kioo kitupu. Lulu iliyotiwa rangi huonyesha rangi iliyokusanyika kuzunguka tundu au ndani ya nyufa. Lulu yenye rangi yake huwa haina mkusanyiko huo.

Tano, kulinganisha. Mkufu wa rangi za asili huwa na tofauti ndogo kati ya punje na punje. Mkufu wa zambarau moja isiyotofautiana hata kidogo umepitia dukani.

Kuna jambo moja ambalo vipimo hivi haviwezi: kutenganisha lulu ya asili kabisa na lulu ya kufugwa. Hilo huhitaji picha ya eksirei na mtaalamu wa vito. Kwa hiyo muuzaji wa barabarani akisema mkufu wake ni wa asili na bei yake ipande mara 10, hana namna ya kuthibitisha, nawe huna sababu ya kulipa.

Bajeti ya robo mwaka

Tuchukue mfano wa mnunuzi mwenye Sh. 60,000 kwa miezi mitatu. Huu ni mgawanyo tunaoupendekeza, si orodha ya bei za soko. Atenge Sh. 10,000 kwa ajili ya lenzi, gharama ambayo hairudii. Atenge Sh. 35,000 kwa vipande vitatu tu: kimoja kisizidi Sh. 15,000, cha pili Sh. 12,000, cha tatu Sh. 8,000. Atenge Sh. 10,000 za kufuma upya, kwa kuwa uzi wa mkufu wa zamani huwa umeoza, na mkufu ukikatika ndani ya daladala hasara ni yote. Sh. 5,000 zibaki kama akiba ya dharura.

Kipande cha Sh. 15,000 kiwe kimefaulu vipimo vyote vitano. Lulu halisi iliyotiwa rangi isipewe zaidi ya nusu ya hapo. Kipande kilichoshindwa msuguano kilipiwe kama shanga, au kiachwe.

Mkusanyaji mdogo hafaidiki kwa kununua vingi. Anafaidika kwa kuchagua njia moja. Anayeamua kukusanya zambarau pekee, kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea, baada ya miaka miwili atakuwa na seti inayoeleweka, na hereni isiyo na mwenzake itapata mahali. Anayenunua kila kinachong'aa atakuwa na mfuko wa mabaki.

Mali bila daftari huisha bila habari. Andika tarehe, bei, rangi ilivyoonekana juani, matokeo ya kila kipimo na kasoro zilizopo. Mwenye daftari akitaka kuuza ana la kumwonyesha mnunuzi.

Utunzaji nao ni gharama. Lulu ni laini kuliko kioo, na limau, siki, jasho na manukato huila. Kwa joto la pwani mkufu ufutwe kwa kitambaa kila unapovuliwa, uvaliwe baada ya kujipulizia marashi na siyo kabla, na utunzwe ndani ya kitambaa.

Lulu si akiba

Sasa tufike kwenye jambo linalotupa wasiwasi. Maneno kama "hii ni mali, mama, itapanda" hayagharimu kitu kuyatamka, na yanamfikia mtu aliyetoka kuchukua mkopo wa kikundi. Dhahabu inapimwa kwa gramu na ina bei inayotangazwa kila siku. Sonara yeyote wa Kariakoo ataizungumzia. Lulu ya kufugwa haina bei ya gramu inayotambuliwa kwa wote, na ukitaka fedha jioni hii utampata nani?

Historia inafundisha. Mwaka 1917 kampuni ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue mjini New York kwa kutoa mkufu wa lulu za asili uliothaminiwa Dola milioni moja. Mkufu huo ulipouzwa kwa mnada mwaka 1957 ulipata takriban Dola 151,000. Aliyechukua jumba alibaki na jumba.

Pwani yetu inalijua soko hilo kwa namna ya uchungu zaidi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Mashariki walipelekwa Ghuba, na baadhi yao walizamia lulu kwa ajili ya matajiri wa huko. Kisha lulu za kufugwa za Japani zikaja, mdororo wa uchumi wa mwaka 1929 ukafuata, na miji ya Ghuba iliyotegemea lulu ikafilisika ndani ya miaka michache. Utajiri uliojengwa kwa pumzi za watu ulivunjwa na ufugaji wa chaza katika nchi ya mbali.

Hata lulu nyeusi za Tahiti, zilizopandishwa hadhi miaka ya 1970 kwa kuwekwa kwenye madirisha ya maduka ya matajiri wa New York, zilishuka bei vibaya wakati wafugaji walipozidisha uzalishaji. Bei ya lulu hushikwa na uchache na jina. Mnunuzi wa Vigwaza hana mamlaka juu ya kimoja wala kingine.

Lulu za kwetu

Chaza wenye ukingo mweusi wanaishi pia katika bahari yetu. Katika miaka ya 2000, wanawake wa Fumba na vijiji jirani huko Unguja walianza kufuga chaza kwa msaada wa wataalamu, wakiwamo wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanachozalisha ni nusu lulu: kitufe kidogo hugandishwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, naye hukifunika kwa utando wake kwa miezi kadhaa. Kisha lulu hukatwa pamoja na sehemu ya gamba na kufanywa kidani, pete au hereni. Rangi zake ni fedha, kijivu, kijani na nyingine kama shaba yenye waridi.

Lulu hizo si mtumba, lakini zinamhusu mnunuzi wa mtumba kwa njia mbili. Kwanza, kidani kimoja kilichonunuliwa kwa mzalishaji ni sampuli bora ya kulinganishia: ukiwa nacho mfukoni unajua rangi ya chaza inavyotembea juani. Pili, kinakulinda na jina la uongo. Nusu lulu ina mgongo bapa. Mtu akikuletea mkufu mzima wa punje za duara za feruzi akauita lulu ya Zanzibar, jina na umbo havipatani. Anayeuza hivyo anakula fedha yako, na vilevile anamharibia soko mwanamke wa Fumba aliyesimama majini kusafisha magamba.

Kwa wauzaji tuna ombi dogo lenye faida. Tenganisheni masinia matatu: lulu za rangi zake, lulu zilizotiwa rangi, na shanga. Wapo watakaosema mteja wa mtumba hahitaji elimu hiyo, anataka kupendeza tu. Kama ni hivyo, masinia matatu hayatampunguzia hamu, na yule anayejua atalipa zaidi kwenye sinia la kwanza na atarudi. Leo anapita kwa sababu haamini lolote.

Fedha ya ada, ya mbegu na ya matibabu ibaki kwenye SACCOS, kwenye vipande vya UTT AMIS au mahali pengine panapotoa hesabu. Fedha ya kujipamba ndiyo iende kwenye sinia.

Msimamo wetu kwa robo hii ni kama ifuatavyo. Zambarau, waridi na machungwa zilizofifia, za maumbo yaliyopinda: nunua. Kijivu na kijani zenye tundu safi: nunua kwa kiasi. Rangi kali: nunua kwa kuvaa tu, kwa nusu bei. Nyeupe za duara zinazolingana: acha. Nyeusi ya bei kubwa yenye hadithi ndefu: acha, na umwache muuzaji aimalizie kwa mwingine.